Kamba ya Nyuma ya Bafu

Shahidi anasema aliusikia mfupa ukilia. Anasema alikuwa kwake, upande wa pili wa ukuta, anachambua mchele, akasikia ka, kama kijiti kikavu kinapovunjwa, na alipochungulia akamwona wifi yangu kalaliwa na kochi la watu watatu mlangoni pa karakana yetu, na kaka yangu kasimama upande wa pili mikono mitupu. Akiwasimulia watu wa bombani anasema kaka aliliachia. Akisimulia dukani anasema kaka aliteleza. Kwa wageni, ambao hawajui jinsi kaka yangu anavyoogopa kuumiza hata kuku, anaongeza kwamba mke na mume walikuwa wakigombana tangu asubuhi.

Yeye ni jirani yetu wa ukuta mmoja, na jina la Shahidi tumempa kwa sababu hakuna jambo lililotokea mtaani ambalo hakuliona, hata yale yaliyotokea siku alizosafiri.

Mimi sikuwepo mlangoni. Nilikuwa nyuma ya bafu, naanika nguo kwenye kamba ya nyuma, nikasikia ukelele mmoja mfupi. Nilifika mbio, kibanio cha nguo bado nimekiuma mdomoni. Nilichokiona mimi ni hiki: kochi lilikuwa limesimama vizuri kwa miguu yake yote, halijamlalia mtu. Wifi alikuwa amekaa kizingitini, mkono umeshika tako la kulia, mguu kaunyosha mbele kama mguu wa kuazima. Kaka amechuchumaa mbele yake.

"Nimefanya nini?" kaka alikuwa akirudia. "Fundi, nimekufanya nini?"

"Hujafanya kitu," wifi alisema akiwa ameuma meno. "Ni kama umeme. Umeanza huku nyuma ukapita mpaka kwenye vidole."

Lakini maneno ya Shahidi yalishatoka nje kabla hata kochi halijatoka. Kufika jioni mtaa mzima ulijua kwamba fundi makochi kavunjwa mgongo na kochi, na aliyemvunja ni mumewe.

Nyumba yetu mbele ni karakana, nyuma ni maisha. Kaka huunda fremu za mbao. Wifi huzivika: hufunga mikanda, hupanga springi, hukata sponji, hushona vitambaa kwa cherehani ya kukanyaga, huvuta kitambaa mpaka pembe ikae kama imemwagwa hapo, halafu hupiga pini. Mimi hujaza mito na kuokota pini sakafuni kabla nyayo za watu hazijaziokota. Wateja hawaji kwa ajili ya mbao. Kaka mwenyewe husema yeye anatengeneza mifupa tu, mwenye kuipa mwili ni mke wake. Wanaitana fundi, wote wawili, hata wakinuniana. "Fundi, leo umeniudhi." "Fundi, nawe umezidi."

Baada ya siku ile ya kochi, kaka aliifunika cherehani kwa shuka, akaisukuma ukutani, akaweka mbao mbele yake. Fremu zikawa zinapelekwa kuvikwa kwa fundi mwingine ng'ambo ya barabara kuu. Zilirudi na mikunjo kwenye pembe. Wifi alizipapasa kwa kidole kimoja, kisha akageuza uso, kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wake kavalishwa nguo nyuma mbele.

Mama yetu yeye alishika mafuta. Kila jioni aliyapasha moto, akamlaza wifi kifudifudi, akamkanda mgongo. Mama ana mikono mizito na moyo mwepesi, na alikanda kweli kweli.

"Pumua, mwanangu. Ni hapa?"

"Hapo hapo, mama," wifi alikuwa akijibu. Nami nilikuwa nikiona mkono wa mama uko kiunoni, na mkono wa wifi, chini ya shuka, umeshika kwenye tako.

Mguu haukupona. Ndipo mama akaanza kusema lile neno. "Labda akapumzike kwao kidogo." Alilisema akimenya viazi, alilisema akifagia, kwa sauti ile ya mtu anayejisemea. Hakulisema kwa ubaya. Lakini pale mtaani tunajua kupumzika kidogo ni nini. Mke wa muuza mkaa alipelekwa kwao kupumzika kidogo, na siku hizi anayepima mkaa pale ni mke mwingine. Na mama alikuwa na jambo lake jingine ambalo hakulisema mbele za watu: miaka inakwenda, na ndani ya nyumba hakujalia mtoto.

Kaka hakumbishia. Nilimuuliza kwa nini.

"Kama huku kwangu ndiko anakovunjikia," alisema, "nitamzuia kwa uso gani?"

Nilimtazama nikaona amekwisha. Mtu mzima, mkono mmoja ananyanyua ubao wa mninga, lakini maneno ya Shahidi yalimlalia kuliko lile kochi.

Sasa, mguu wenyewe ulikuwa na tabia. Kuna siku wifi alikuwa hawezi kukanyaga. Alikuwa akishika ukuta, vidole vinaburuzika sakafuni vikitoa sauti ya shh, shh, na usiku hawezi kulalia upande ule. Kisha unapoa. Polepole, mpaka siku moja unamkuta anachota maji, anatania, anapanga vitambaa kwa rangi hata kama hakuna wa kumwambia avishone. Nyumba nzima inafurahi. Halafu, bila kunyanyua hata sufuria, mguu unarudi pale pale.

"Huo mguu una zamu kama mlinzi wa geti," Shahidi alisema kutoka juu ya ukuta. "Siku za kazi umelala, siku za wageni umeamka. Mimi sisemi kitu. Nasema tu nilichokiona."

Tulikwenda hospitali, wifi, mama na mimi wa kumshikia mkono. Daktari wa mifupa alikuwa kijana mpole mwenye kalamu nyingi mfukoni. Akauliza, "Ulianguka?" Mama akajibu, "Alibeba kochi." Akauliza, "Maumivu yanaanzia wapi?" Mama akajibu, "Kiunoni, nampaka mafuta kila siku." Akauliza, "Yanakuja na kuondoka, au yapo muda wote?" Mama akamtazama wifi, wifi akatazama viatu vyake, na mama akajibu, "Yapo, daktari. Ni mvumilivu tu huyu."

Kwetu mkwe haendi hospitali bila mama mkwe, na mama akiwepo, mkwe hana mdomo. Si kwamba anakatazwa. Ni kwamba mdomo wenyewe unajua kukaa.

Wakampiga picha ya mgongo. Daktari aliitundika kwenye taa, akaipitia kwa kalamu pingili moja moja, akarudi tena juu. "Mgongo huu hauna kosa," alisema. Akatoa vidonge vya maumivu, akamfundisha namna ya kujinyoosha, akasema arudi tena baada ya muda amwone. Nilimwona akiirudisha ile picha kwenye bahasha taratibu, kama mtu aliyesoma ukurasa akahisi kuna mwingine umebandikana nao.

Nyumbani mama aliinua picha dirishani, na Shahidi naye akaja kuitazama.

"Mbona mzima?"

"Mzima," mama alisema.

"Basi anaumwa nini?"

Na mtaani penye swali lisilo na jibu hapakosekani mtu wa kulijibu. Kabla ya kesho yake wifi hakuwa tena mtu aliyevunjwa na kochi. Alikuwa mtu anayedeka.

Mimi si mwepesi wa kusema. Nilikomea darasa la saba, na hata huko mwalimu alikuwa akilalamika kwamba natazama sana na kunyoosha mkono kidogo. Lakini kutazama nako ni kazi, ukiifanya kwa muda unapata kitu.

Kamba ya nyuma ya bafu ni ya wanawake wa nyumba. Nguo za kawaida zinaanikwa mbele, mbele ya watu. Vile vitambaa vya siku za mwezi, na nguo za ndani, huanikwa nyuma, na juu yake inatandikwa shuka ili hata upepo usizione. Siku moja nilikwenda kuanika zangu. Nikainua shuka, nikasogeza vitambaa vya wifi kutafuta nafasi, na nikiwa hapo hapo nikasikia kutoka ndani shh, shh, mguu unaburuzwa kuelekea jikoni.

Nilisimama na nguo mbichi inanichuruzikia miguuni. Nikakumbuka. Siku ya kochi pia niliinua shuka hiyo hiyo, nikasogeza vitambaa vya wifi hivyo hivyo, ndipo nikasikia ukelele.

Sikusema. Jambo la mara moja linaweza kuwa upepo. Nikangoja mwezi mwingine. Mguu ulipoanza kuburuzika, nilikwenda nyuma ya bafu nikakuta kamba tupu, nikajiambia, haya, umekosea. Kesho yake vitambaa vilikuwepo. Mguu ulikuwa umetangulia tu, kama mtu anayekuja kupiga hodi kwa niaba ya mwenzake. Nikangoja tena. Vilipoondoka kambani, baada ya muda na mguu nao ukapoa. Mwezi uliofuata nao ulikwenda hivyo hivyo.

Nilimkuta wifi amekaa juu ya lundo la sponji, mahali pekee alipoweza kukaa bila kujipinda. Nikakaa chini nikaanza kuchambua pini.

"Wifi, mguu wako na ile kamba ya nyuma vinajuana."

Aliusogeza mguu kwa mikono miwili. "Umeanza lini kunichunguza?"

"Sikuchunguzi. Ninaanika."

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akajifuta kwa kiganja. "Nilijua kabla yako. Hata kabla ya kochi ulikuwa unaniuma hivyo, mdogo mdogo. Siku ile ulizidi tu."

"Basi mbona husemi?"

"Nimwambie nani? Mama? Kila mwezi mama ananitazama tumbo kama mtu anayengoja basi. Nimwambie, mama, basi limepita tena, na safari hii limenikanyaga na mguu?" Akabonyeza sponji kwa ngumi, ikazama, ikarudi. "Nikisema mgongo, mimi ni mtu aliyeumia kazini. Nikisema huko, mimi ni mwanamke mbovu."

"Na usiposema unarudishwa kwenu vile vile. Kwa mgongo ambao hauumwi."

"Wewe mdomo wako unalala mwaka mzima," alisema, "halafu ukiamka unauma mtu."

Lakini hakukataa. Akaniuliza siku ya kurudi kwa daktari ni lini, ingawa aliijua. Nikamwambia. Akasema, "Mama atakuja." Nikasema, "Hilo niachie."

Kulikuwa na mama mmoja mwenye nyumba ya kulala wageni aliyekuwa ameagiza viti vya mapokezi. Huyo kwa kubembeleza bei anaweza kukutoa machozi, halafu akakuuzia kitambaa cha kuyafutia. Alikuwa tayari kuja kuvichukua siku yoyote. Nilimwambia aje siku ile ya hospitali, asubuhi. Kisha, mama akiwa tayari kavaa viatu na mkoba kaushika kwapani, nikamwambia tu kwamba yule mama yuko njiani, na kwamba kaka amesema atamwachia kwa bei atakayotaja mwenyewe.

Mama alisimama. "Kwa bei ya nani?"

"Atakayotaja mwenyewe."

Mama alivua kiatu kimoja. Akafikiri. Akavua cha pili. "Nendeni nyinyi," alisema. "Daktari mwambieni bado mgongo. Mimi hapa nina vita."

Tulipoingia, daktari yule yule wa kalamu nyingi alimwambia alale, akainua mguu ukiwa umenyooka, akabonyeza mgongo, kisha akabonyeza tako kwa kidole gumba, wifi akaruka.

"Hapa ndipo," daktari alisema. "Si mgongoni. Kuna siku hauumi kabisa?"

"Zipo."

"Siku za namna gani?"

Wifi alitazama ukuta. Kulikuwa na picha ya mtu asiye na ngozi, misuli yote nje, na akaitazama kana kwamba anaijua. Daktari alingoja, kalamu mkononi. Nje watu walikuwa wakiitwa kwa namba.

"Wifi," nikasema, "mama hayupo."

Daktari alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akanyanyuka akafunga mlango, ule mlango ambao mara ya kwanza ulikuwa wazi nusu, na akarudi kukaa. Hakuuliza tena. Na wifi akasema. Alisema yote, akiutazama ukuta: siku mguu unapotangulia, unapozidi, unapoondoka, na kwamba hata tumbo la chini humkata siku hizo mpaka hutapika, jambo ambalo hata mimi sikulijua.

"Asante," daktari alisema alipomaliza. "Picha yangu isingeniambia hilo hata ningeitazama mpaka kesho." Akaandika, akatupeleka mwenyewe mpaka mwisho wa korido, kwenye chumba cha daktari wa wanawake.

Huyo alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kwa uzi. Alimpima kwa utaratibu, akamwambia kila anachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Kisha akamkalisha na kumchorea njia kwa kidole juu ya gauni lake: kutoka chini ya mgongo, ndani ya nyonga, chini ya msuli wa tako, nyuma ya paja, mpaka unyayoni.

"Mshipa huu wa fahamu ndio mkubwa kuliko yote mwilini," alisema. "Watu wanadhani ukiuma basi ni mgongo, na mara nyingi ni kweli. Lakini una safari ndefu, na popote njiani unaweza kubanwa. Dereva anakalia pochi nene mfuko wa nyuma miaka kumi, unabanwa. Msuli wa tako unakaza, unabanwa. Mtu kachomwa sindano takoni mahali pasipo, unadhurika. Mimba nayo inaweza kuuegemea. Mguu wenyewe haujui umebanwa wapi. Unalia tu."

"Kama springi," wifi alisema.

"Eh?"

"Kochi likilia, mteja anasema kosa liko alipokaa. Ukilipindua ukachana kitambaa cha chini, unakuta mkanda umelegea kule mwisho kabisa."

"Basi umeshanielewa, fundi," daktari alisema, na nilimwona wifi amekaa wima kwa neno lile, kwa sababu lilikuwa na siku nyingi halijasemwa na mtu wa nje. "Sasa wewe mkanda wako nadhani uko huku. Kizazi kina utando ndani, ndio unaotoka kila mwezi. Kwa wanawake wengine utando wa namna hiyo huota na nje ya kizazi, mahali pasipo pake. Mwezi ukifika, nao huvimba na kutoa damu kama wenzake, ila hauna pa kuitolea. Ukiwa umeota jirani na mshipa huu, mshipa unaungua kila mwezi. Si wengi wanaopata mguuni hivi. Lakini wapo."

Wifi aliuliza, sauti chini, "Nimeupata kwa kufanya nini?"

"Hukufanya kitu."

Nilikumbuka kaka kachuchumaa mlangoni.

Halafu wifi akauliza lile lililokuwa kooni. "Na mtoto?"

Daktari hakukimbilia kujibu. "Utando huu unaweza kuwa ndio unaozuia. Unaweza usiwe. Kwanza tupate picha ya nyonga kwenye hospitali kubwa, tuwe na hakika. Ikiwa ndio, nitakupa dawa ya kusimamisha siku zako ili utando ulale, mshipa upumzike. Ukiwa kwenye dawa hiyo hutashika mimba, hilo ulijue. Mguu ukitulia, mje wewe na mumeo tuzungumze ya mtoto. Siwezi kukuahidi. Lakini sijafunga mlango, na wewe usiufunge."

Picha ya hospitali kubwa ilisema kama alivyosema.

Kaka aliambiwa karakanani. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ubao unaogawa chumba, najaza mito, na ubao ule hauzuii hata pumzi. Sikusikia maneno ya wifi yote, alisema chini chini. Nilisikia randa ikisimama.

"Kwa hiyo si kochi?" kaka aliuliza.

"Si kochi."

"Wala si mimi?"

"Wala si wewe, fundi. Kochi lilikuwa na miadi siku hiyo hiyo tu."

Kisha kaka akatoka, akaenda bombani, akanawa uso. Alinawa, akanawa, mpaka mtu wa nyuma yake akamuuliza kama leo anaoga kwa awamu. Aliporudi aliondoa zile mbao mbele ya cherehani, moja moja, akazipanga kwingine. Shuka hakuiondoa bado.

Kwa mama ilikuwa ngumu zaidi. Wifi alimfuata jikoni mwenyewe, akakataa niende naye, nami nikabaki mlangoni nachagua kuni ambazo zilikuwa zimeshachaguliwa. Alimwambia yote, na la dawa pia: kwamba kwa muda huo hakutakuwa na mimba, na kwamba anamwomba mama angoje.

Mama aliendelea kukoroga. "Kila mwezi?" alisema mwishowe.

"Kila mwezi."

"Na mimi nakukanda mgongo."

"Joto lilikuwa linanisaidia, mama. Si uongo."

"Mbona hukunambia?"

"Ulikuwa unangoja habari nyingine. Sikutaka nije na hii."

Mama aliweka mwiko chini. Nilidhani atasema lile neno la kupumzika. Badala yake aliinama, akachungulia chungu ambacho alikuwa ametoka kukikoroga, akasema, "Kuna moshi humu," na kujifuta macho kwa upindo wa nguo. Jikoni hakukuwa na moshi. Tangu siku ile sijamsikia akisema mtu akapumzike kwao. Alichofanya, mguu ulipozidi tena kabla dawa haijashika, ni kujaza maji ya moto kwenye chupa, kuizungushia taulo, na kumpa wifi bila kumtazama. "Weka panapouma," alisema. "Panapouma, si ninapopajua mimi."

Shahidi alikuja kutafuta habari zake.

"Nasikia si mgongo."

"Ni mshipa," mama alisema. "Umebanwa."

"Na kochi?"

"Kochi halina kosa. Nenda kalikalie."

Dawa haikufanya kazi kama swichi. Mwezi wa kwanza wifi aliona bora aitupe. Alinenepa kidogo usoni, akawa mwepesi wa hasira, akamfokea kaka kwa sababu ya gundi, kisha akamwomba radhi kwa sababu ya hasira. Lakini kamba ya nyuma ya bafu ilibaki na vitambaa vyangu tu, na ile sauti ya shh, shh ikawa inapungua, mpaka siku moja niligundua ni muda sijaisikia, kama unavyogundua mvua imekatika wakati bado umekaa ndani. Vidole viwili vya mwisho bado vina ganzi. Daktari anasema mishipa hupona kwa mwendo wa konokono, na konokono wake huyu anaelekea mbele.

Asubuhi moja niliamshwa na cherehani. Nilikaa kitandani nikaisikiliza. Ilianza kwa kusitasita, ikasimama, ikaanza tena, kisha ikashika mwendo wake wa zamani, ule ambao nilikuwa nikijazia mito kwa mapigo yake. Nilipoingia karakanani nilikuta shuka imekunjwa juu ya kiti, na kaka kaegemea mlango, ubao mkononi, hana anachoufanyia.

Kazi ya kwanza aliyoivika mwenyewe ilikuwa kochi la watu watatu. Alichukua muda. Akichoka alilala juu ya sponji, akiamka alivuta kitambaa. Pembe zilikaa kama zimemwagwa hapo. Mama alilizunguka, akatafuta mkunjo, akaukosa, akaonekana kukasirika kidogo kwa kuukosa.

Leo mwenye kochi ameleta mkokoteni, uko nje barabarani. Kaka amesema anakwenda kuita vijana wa gereji waje kulitoa. Wifi amemwambia, "Wa nini?" na kabla hajajibiwa amekwishazunguka upande wa ndani, kainama kwa magoti kama daktari alivyomfundisha, mikono chini ya fremu.

"Fundi," kaka amesema. "Acha."

"Daktari kasema ninyanyue ninachokiweza."

"Kasema hivyo kweli?"

"Muulize wifi."

Nimetikisa kichwa kukubali, kwa sababu ni kweli, nilikuwepo. Mama ametoka jikoni na mwiko wake, akasimama. Juu ya ukuta kimechomoza kilemba cha Shahidi, halafu paji la uso, halafu macho.

Kaka amesimama upande wa mlangoni, pale pale aliposimama siku ile. Amejifuta viganja kwenye suruali. Ameutazama mguu wa mke wake, akalitazama kochi, akajifuta tena viganja ambavyo vilikuwa vikavu.

"Shika upande wako, fundi," wifi amesema. "Tunyanyue."